Mama anataka kuacha dawa za baridi yabisi, naomba ushauri
Habari zenu ndugu zangu. Mama yangu ana baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyake mwenyewe. Daktari bingwa wa viungo alimwanzishia methotreksati, dawa ya kutuliza hiyo kinga, mara moja kwa wiki (si kila siku jamani, ni hatari), pamoja na asidi ya foliki (vitamini ya kupunguza madhara ya dawa hiyo) na vipimo vya damu vya kuangalia ini. Uvimbe wa vidole umepungua, sasa anafunga vifungo mwenyewe. Basi anasema amepona, aache dawa! Mimi naona ni dawa hiyo hiyo inayomshikilia. Siku ya kliniki bado iko mbali. Mnaouguza wazazi, mnaongeaje na mzee asiyetaka kusikia? Na ule uchovu baada ya dozi, tumwelezeje daktari mwenye haraka?