Wakuu, mashimo ya kupima udongo: mita moja na nusu inatosha?

Mgeni wa Kizota:
Habari za jioni wakuu. Nina kiwanja Kizota, hapa Dodoma. Kuna mtu anataka udongo upimwe ndani ya wiki mbili. Nimepanga mashimo manne, mita moja na nusu kila moja, na nimeshapatana na jamaa mwenye mashine ya visima, anasema siku moja anamaliza. Kina hicho kinatosha? Na udongo naweza kuubeba kwenye chupa za maji za plastiki? Usingizi sipati. Matusi sitaki.

Ukuti Mkavu:
Unapandisha ghorofa ngapi? Kama ni mbuga, ule udongo mweusi, kuwa makini. Kiangazi unapasuka, masika unavimba. Ukuta wangu Nkuhungu ulichanika hadi paka anapita. Fundi alikula hela akahamia Singida, simu haipokelewi mpaka leo.

Mama Wawili:
Ukuti, hajasema anajenga. Kaka, unapima udongo ubebe nyumba au unapima sumu?

Mgeni wa Kizota:
Sumu. Kwani kuna tofauti?

Nondo 16:
Kubwa sana. Hapo zamani palikuwa na nini?

Mgeni wa Kizota:
Yadi tu.

Nondo 16:
Yadi ya matofali au ya malori?

Mgeni wa Kizota:
Malori. Na kasheli kadogo ka marehemu mzee, pampu mbili. Kalishafungwa zamani. Matenki nadhani bado yamo chini. Ila mashimo nimeyapanga upande wa geti, mbali na pampu, kwa usalama. Na jamaa wa mashine nimeshampa nusu ya hela.

Bibi Zabibu:
Panda zabibu hapo mwanangu, utavuna mvinyo unaowasha trekta 😂

Nondo 16:
Bibi acha. Mgeni, nimeshika keekee za udongo miaka kadhaa, nisikilize.

Tumbo la tenki la sheli mara nyingi liko mita tatu kwenda chini. Likivuja, linavujia chini. Wewe mita moja na nusu, tena getini, utapata udongo msafi kabisa, na utakuwa hujapima kitu. Petroli inashuka mpaka ikute maji ya ardhini, halafu inaelea juu yake na kutambaa yanakoelekea. Kwa hiyo mashimo yanafuata matenki, mabomba na pampu, na moja unaliweka upande wa juu, maji ya ardhini yanakotokea, kusikoguswa, la kulinganishia. Unaanza na kusafi unamalizia kuchafu. Kila shimo, keekee inaoshwa kwa sabuni na maji safi, glavu mpya.

Mashine ya visima mara nyingi inatoa udongo kwa kupuliza upepo. Mvuke wa petroli unaondoka nao, maabara inabaki kupima vumbi. Tumia keekee ya mkono au bomba la kushindilia, udongo utoke mzima. Chupa ya plastiki hapana. Kopo la kioo, lijae mpaka mdomoni bila nafasi ya hewa, lifungwe palepale, liingie kwenye deli la barafu. Andika namba ya shimo, kina na saa. Na usichanganye udongo wa mashimo manne kwenye kopo moja ili kuokoa hela ya maabara. Najua ulishawaza.

Kabla ya yote, jua matenki yalipo. Tenki tupu lina mvuke, cheche moja tu mnalipuka. Na shimo ukishamaliza lizibwe kwa saruji na bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Ukiliacha, umeupa uchafu bomba la kushukia kwenye maji, na mji huu unakunywa maji ya visima vya Makutupora.

Mama Wawili:
Sawa. Huyo "mtu anayetaka" ni nani?

Mgeni wa Kizota:
Mnunuzi. Anataka kujenga chekechea. Jamani, ni mtu mzima, akiwa na wasiwasi si achimbe mwenyewe? Mimi nimeombwa karatasi, natafuta karatasi.

Mama Wawili:
Chekechea!! Na watoto watachimbiwa kisima humohumo.

Ukuti Mkavu:
Ndiyo maana nasema mafundi wa siku hizi…

Jicho la Tatu:
Wakuu mnakunywa chai. Akaunti imefunguliwa jana. Mara yadi, mara sheli, mara marehemu, sasa chekechea. Mtoto wa mwenye sheli asijue matenki yalipo? Huyu ni mwanafunzi, Nondo kamfanyia kazi ya darasani bure.

Bibi Zabibu:
Na mimi nilishaanza kumwombea.

Mgeni wa Kizota:
Siyo chai. Nilikuwa shule ya bweni wakati yanafukiwa, ningejuaje? Haya, niseme yote. Juzi tulijaribu shimo moja karibu na pampu. Kwenye mita tatu likatoa harufu, jamaa akazima mashine akasogea pembeni. Ndiyo nikahamishia mashimo getini.

Nondo 16:
Na hilo shimo?

Mgeni wa Kizota:
Tumelifukia.

Nondo 16:
Kwa nini?

Mgeni wa Kizota:
Lisionekane.

Nondo 16:
Nauliza mmelifukia kwa kitu gani.

Mgeni wa Kizota:
Kwa udongo wake uleule.