Fizi za mzee zinatoka damu, mdogo wangu anasema ni kansa ya utumbo. Naombeni ushauri

Mwana wa Ujiji
Wakuu, habari za jioni. Baba ana miaka 61, tuko hapa Ujiji. Tangu kabla ya mfungo fizi zinamtoka damu. Juzi kang'ata muhogo wa kuchoma, nikaona michirizi myekundu kwenye alama za meno. Akaufunika kwa kiganja mama asione. Jino moja la chini linacheza. Duka moja la dawa limemuuzia antibayotiki mara tatu bila hata kumwambia afungue mdomo. Sasa mdogo wangu kasoma kwenye simu kwamba bakteria wa mdomoni wanaleta kansa ya utumbo, akamwambia mzee hivyohivyo tukiwa tunakula. Tangu siku hiyo mzee anaonja tu na kuacha. Ni kweli? Kuna kipimo cha mate kinachoonyesha kansa?

Tabibu wa Meno, Kasulu
Pole, na mfikishie mzee shikamoo yangu. Mdogo wako hakutunga, ila kaishia njiani. Bakteria huyo ni Fusobacterium nucleatum, huishi kinywani. Machi 2024 watafiti wa Fred Hutch, kituo cha saratani cha Seattle, Marekani, walieleza katika jarida la Nature kwamba walichunguza uvimbe wa utumbo mpana wa wagonjwa 200 hivi, na katika karibu nusu wakakuta kundi moja la bakteria hao, linalohimili asidi ya tumbo. Ni habari kubwa, huenda baadaye ikasaidia kugundua kansa mapema. Lakini nzi akikutwa kwenye kidonda, haina maana ndiye aliyekikata. Hospitalini hatupimi kansa ya utumbo kwa mate. Atakayewauzia kipimo hicho, mkatalieni.

Ulivyoeleza, huo unafanana zaidi na ugonjwa wa fizi. Ukoga ukishaganda kwenye meno hauondoki kwa vidonge, unakwanguliwa kwa vifaa. Mpeleke hospitali ya Maweni, kitengo cha kinywa na meno, na apimwe sukari pia, maana kisukari huharibu fizi.

Binti Unyanyembe
Kaka, muulize na habari za choo. Mama yangu hapa Tabora aliona damu chooni mwaka mzima, akasema bawasiri. Tulipofika hospitali ya Bugando, Mwanza, wakampima kwa kamera, ikawa kansa ya utumbo mpana. Kafanyiwa upasuaji, yupo, jana katwanga kisamvu mwenyewe. Na fizi zake hazijawahi kutoa hata tone.

Tabibu wa Meno, Kasulu
Dada kasema la maana. Mwana wa Ujiji, mzee anavuta au kubwia ugoro? Ana kidonda mdomoni kilichopita wiki mbili?

Mwana wa Ujiji
Nimekaa naye barazani sasa hivi. Choo hakina damu, hajakonda. Ugoro anabwia tangu ujana. Nimemmulika kwa tochi ya simu: ndani ya shavu la kushoto, pale anapouweka, kuna doa jeupe kama ukucha wa kidole gumba. Nimelisugua kwa kitambaa, halitoki. Anasema haliumi, ndiyo maana hakusema.

Tabibu wa Meno, Kasulu
Fizi zitasafishwa, lakini hilo doa ndilo la kuwahi. Si lazima liwe kansa, ila lisilofutika linakatwa kipande kidogo kikapimwe. Ugoro auache leo, na kesho asubuhi muwe Maweni.

Mwana wa Ujiji
Saa moja tutakuwa getini. Mzee kanikabidhi kile kikopo cha ugoro mwenyewe.