Mrejesho: Mjadala wa pande mbili bila kitufe cha kujibu

Wakuu, niliuliza namna ya kuwakutanisha mtandaoni watu wa pande mbili zenye uhasama bila mjadala kugeuka matusi. Ushauri wa kutumia Polis ndio uliofanya kazi. Ni programu huria, ile ile iliyotumika Taiwan mwaka 2015 kwenye mvutano kuhusu teksi za Uber, zinazoitwa kwa simu. Mtu anaandika kauli fupi, wengine wanapiga kura: nakubali, sikubali, au napita. Hakuna pa kujibu, kwa hiyo hakuna pa kutukania.

Kazi kubwa iko kwenye kauli za kuanzia. Weka kama 10 hadi 15, kila upande uandike nusu. Kauli moja, wazo moja. "Visima vifunguliwe kwa wote na vijana waache fujo" haipimiki: anayetaka visima lakini hakubali kuitwa mfanya fujo atapita tu, na kura yake imepotea. Ilipokatwa vipande viwili, cha visima kilikubaliwa pande zote. Hapo ndipo pa kuanzia mazungumzo ya ana kwa ana.

Kinachoharibu ni kiungo (link) cha mjadala kusambazwa kwanza kwenye magrupu ya upande mmoja. Ramani ambayo Polis huchora ya watu wanaopiga kura kwa kufanana itaonyesha makundi mawili ukadhani ni mahasimu, kumbe ni wazee na vijana wa upande ule ule. Kitumwe siku moja, kupitia viongozi wa magrupu ya pande zote.

Wanaopitisha kauli wawe wawili, mmoja kila upande, na kauli ikikataliwa sababu iandikwe wazi.