Punda akipigwa barabarani, Mkristo aseme "ni mnyama tu"?

dada_kisauni:
Hamjambo wapendwa. Juzi asubuhi nlikuwa kwa matatu natoka Kisauni, hapa Mombasa, kufika Kengeleni jam imesimama kabisa, kumbe punda ameanguka na mkokoteni wa mchanga na kijana anampiga na rungu ainuke, punda amelala tu mdomo una povu. Nikasema jamani si amfungue kwanza, mzee kando yangu akanijibu dada huyo ni mnyama tu, Mungu alitupa tuwatawale. Na ni mzee wa kanisa namjua. Nyumbani nikamhadithia mdogo wangu wa kampasi, yeye naye akaruka upande wa pili, ati mtu ni mnyama kama wengine, kuna mwanafalsafa wa Australia Peter Singer tangu 1975 anasema kumtanguliza binadamu kwa vile tu ni binadamu ni ubaguzi kama wa rangi. Mwanzo 1:26 naiamini, tumeumbwa kwa mfano wa Mungu. Lakini huo mfano ndio uliompa kijana rungu?

hamali_kongowea:
Mkokoteni wa punda ndio kazi yangu miaka 11. Huyo kijana pengine punda si wake, analipwa kwa tripu na tajiri anahesabu tripu. Simtetei, hata mimi nlikuwa napiga. Nliacha siku pasta aliposoma Hesabu 22, Balaamu alikuwa nabii anaongea na Mungu lakini malaika alipomtokea neno la kwanza alimuuliza mbona umempiga punda wako mara tatu, halafu akamwambia kama si yeye kugeuka ningekuua wewe nimwache yeye hai. Niliogopa sana siku hiyo.

mama_wa_Neema:
Dada mwambie mdogo wako hivi. Mwanangu ana miaka 9, haongei, hatembei, kulisha namlisha mimi. Punda wa jirani anajua njia ya kurudi nyumbani, mwanangu hajui. Sasa hawa wasomi wakianza kupima thamani kwa akili na uwezo, Neema wangu wanamweka wapi? Singer mwenyewe anauliza hilo swali, anasema kama ni akili basi kuna wanyama wanaowapita baadhi ya watu, na hapo hesabu yake iko sawa, kosa ni kudhani sisi Wakristo tunasimama kwa akili. Mwanzo haisemi mtu ana mfano wa Mungu kwa sababu anajua kuhesabu. Amepewa tu. Neema anao mzima, haujapungua hata kidogo, na hilo silitoi kwa mtu yeyote. Lakini sioni kwa nini nikilishika hilo nilazimike kumdharau punda, manake kumlinda mwanangu hakukuhitaji rungu la mtu. Yesu alisema shomoro haanguki chini Baba asijue, ndipo akasema ninyi bora kuliko shomoro wengi. Hakuwafuta shomoro ili sisi tupande bei.

mvita77:
Mimi Muislamu, niruhusuni. Kwetu kuna hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia mpaka akafa njaa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Huyo mzee hata akija kwetu hapati wa kumuunga mkono.

msomaji_nyali:
Huyo mzee aendelee kusoma mbele kidogo, Mwanzo 1:29, chakula walichopewa ni mimea, nyama iliruhusiwa baada ya gharika, 9:3. Kwa hivo kutawala kulikuwepo kabla ya kisu. Mimi nyama nakula, sijifanyi, lakini ng'ombe anayepura nafaka tumeambiwa tusimfunge kinywa. Na hapo Kengeleni jina limetokana na kengele ya Frere Town, makao ya watumwa walioachwa huru, 1875. Wilberforce aliyepigania biashara ya watumwa ikomeshwe ndiye huyohuyo alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama kule London 1824, pamoja na kasisi Arthur Broome. Hawakuona moja linaondoa lingine. Na hapa Kenya kumbebesha punda kupita kiasi ni kosa, Sura ya 360 ya sheria za Kenya, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama.

dada_kisauni:
Mama Neema nimelia. Mdogo wangu nimemsomea, amenyamaza. Hamali, napita hapo kila siku, akianguka tena mtu anaanzia wapi?

hamali_kongowea:
Kamba za kifuani kwanza. Watu wawili wanyanyue miti ya mkokoteni uzito umtoke, ndio mshushe mchanga. Usimvute kichwa. Akisimama mpe maji pole pole na asirudishwe kwa mzigo siku hiyo.