Mafundi wa kupima na mashine, P0171 siyo jina la spea! Mnatumalizia hela

Wakuu, nina hasira na sitazunguka. Gari ni Premio 260 ya 2008, injini 2ZR-FE, cc 1800. Taa ya cheki injini iliwaka na sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) ikaanza kutetemeka. Nikaipeleka gereji moja hapa Dar inayojinadi kwamba ina mashine ya kupimia. Fundi kachomeka mashine, ikatoka namba ya kosa P0171, akaifuta hapo hapo. Kisha akanionyesha mstari kwenye kioo: "Bosi, oksijeni sensa imekufa, ona haichezi." Akaing'oa, akafunga nyingine: laki mbili na themanini, ufundi mbali.

Taa ikarudi wiki hiyo hiyo. Niliporudi kwao wakageuza maneno: sasa eti mbovu ni sensa ya MAF, inayopima hewa inayoingia kwenye injini, niandae hela nyingine. Nikaondoa gari.

Nyumbani nina laptopu na adapta ya ELM327 ya waya, ya kusomea data ya gari. Nikachomeka kwenye soketi ya OBD2 (ya kupimia gari) chini ya usukani, nikawasha injini mpaka ikapata moto, nikaanza kusoma data gari ikiwa inaunguruma. Niliyoyaona yangeonekana na kwa fundi kama angetulia dakika kumi.

Kwenye sailensi, trimu ya mafuta (asilimia ya petroli inayoongezwa au kupunguzwa) ya muda mrefu ilikuwa +27, ya muda mfupi inapandisha nyingine 8 au 9 juu yake. Maana yake kontrol boksi, yaani kompyuta ya injini, inaongeza petroli zaidi ya theluthi kuliko hesabu yake ya kawaida, kwa sababu inaona hewa imezidi. Nikapiga resi mpaka mizunguko 2500 kwa dakika na kuishikilia hapo: jumla ikashuka hadi kama +5. Nikaachia, ikapanda tena.

Hapo jibu lilikuwa limeshajianika. MAF ikiwa chafu au imechoka, inadanganya hata ukiwa kwenye resi, na mara nyingi huko ndiko inakodanganya zaidi. Lakini tatizo linalokuwa kubwa kwenye sailensi na kuyeyuka ukikanyaga mafuta ni hewa ya wizi, inayoingilia mahali baada ya MAF bila kupimwa. Injini ikiwa kwenye sailensi inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo tundu dogo linavuruga mchanganyiko wote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi inamezwa.

Sasa hili la "haichezi" ndilo linaloniuma kuliko hela. Sensa ya mbele ya injini hii siyo oksijeni sensa ya kizamani inayorukaruka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ni sensa ya A/F, inayopima uwiano wa hewa na petroli. Mchanganyiko ukiwa sawa inatulia karibu na volti 3.3, na inapanda hewa ikizidi, kinyume kabisa na ile ya zamani. Kutulia ndiyo kazi yake! Inayotakiwa kurukaruka ni ya mbele kwenye magari ya zamani, na hata ile ya nyuma ya katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi) inatakiwa itulie. Fundi anayelipwa kupima Toyota kila siku halijui hili? Alihukumu sensa nzima kwa kipimo cha sensa nyingine.

P0171 inasema tu kwamba mchanganyiko wa benki ya kwanza (safu ya silinda) una hewa nyingi kuliko petroli. Haikutaja sensa yoyote. Sensa ndiyo iliyotoa taarifa, nyie mkaing'oa. Ni sawa na kumpiga mtu aliyepiga yowe na kumwacha mwizi aende zake.

Nilimalizia kwa kopo la kabureta klina. Nikawa napulizia kidogo kidogo kuzunguka manifodi ya hewa, mbali na ekzosi, macho kwenye laptopu. Nilipofika kwenye mpira wa PCV (unaorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifodi), trimu ya muda mfupi ikaporomoka kutoka +9 hadi chini ya sifuri papo hapo, na sailensi ikapanda. Nikauchomoa: umepasuka upande wa chini kwenye kona, ufa ambao huuoni mpaka uupinde. Mpira mpya elfu kumi na tano. Sasa trimu inacheza kati ya -2 na +3, taa imezimika.

Na msituambie "hayo ya mtandaoni". Namba zinazoanza na P0 ni za pamoja kwa magari yote ya OBD2, Marekani waliilazimisha tangu magari ya 1996. Kweli Toyota nyingi za Japani za miaka ile hazikubali kusomwa na adapta ya bei rahisi, na nyingi ya adapta hizo ni kopi mbovu za ELM327. Lakini nyie mna mashine ya mamilioni, kisingizio hicho hakiwahusu.

Kingine, acheni kufuta kosa kabla mwenye gari hajaona. Ukifuta, unafuta na picha ya hali ya injini ilivyokuwa kosa lilipotokea: resi, joto, mzigo, trimu. Ule ndio ushahidi. Wakuu, kataeni. Piga picha kioo cha mashine kwanza, omba uone trimu kwenye sailensi na kwenye 2500, na spea ya zamani ondoka nayo.

Mimi yangu walibaki nayo. Nimepiga simu kuidai, wanasema ilitupwa. Sensa ile ilikuwa nzima, original ya Japani, na nimefungiwa isiyo hata na namba ya spea. Najua mnasoma humu. Nataka sensa yangu au laki mbili na themanini yangu, na kama kuna mwingine kafungiwa sensa kwa P0171 bila kuonyeshwa trimu, aweke namba zake hapa tuzisome pamoja.