Nimemwacha straika wangu nje ya kikosi cha fainali, sababu niliyotoa redioni inanitesa. Naombeni ushauri

Kocha wa Kata (mleta mada)
Salaam wakuu. Nafundisha timu ya kata, tupo mashindano ya mbuzi na fainali ni Jumapili. Namba 9 wangu, mguu wa kushoto, ana magoli 11, nimemwacha nje. Juzi redio ya jamii wakanipigia na kuniuliza hewani kwa nini. Sikuwa nimejiandaa. Nikajibu kwamba uwanja wetu umeinama upande wa mtoni, kwa hiyo mashuti ya mguu wa kushoto yote yataishia kwenye mpunga.

Tangu hapo sina amani. Jana jioni fundi ujenzi mmoja kaja mazoezini na pima maji, kailaza katikati ya uwanja, watoto wamemzunguka. Ijumaa redio wananitaka studio. Niseme nini ili sababu yangu isimame? Matusi hapana.

Mzee wa Kona
Kocha kaza. Domenech, aliyekuwa kocha wa Ufaransa, alikuwa anasema hadharani kwamba anaangalia nyota za wachezaji, na wenye nyota ya Nge alikuwa hawaamini. Robert Pires kazaliwa Oktoba 29, Nge kabisa. Kombe la Dunia 2006 hakwenda. Na Ufaransa ikafika fainali! Wewe umesingizia mteremko tu, unaogopa nini?

Yanga Damu
Mzee umeacha tamu yake. Huyohuyo Domenech alisema akiwa na mwenye nyota ya Simba kwenye ulinzi anakaa chonjo, maana lazima ajionyeshe na kuwagharimu. Mfaransa kajua Simba kwenye beki ni hasara, sisi tunabisha.

Mnyama Mkali
Hukosi pa kuchomekea. Mimi bado nina kidonda cha 2018, kocha Amunike alipowatema wachezaji wetu wa Simba Taifa Stars kuelekea mechi na Uganda, eti wamechelewa kuripoti kambini. Kuchelewa! Kwa foleni za Dar, wangebaki wangapi?

Fundi Saruji
Mimi ni fundi, sio niliyekuja kwako. Swali la kitaalamu: kipindi cha pili si mnabadilishana magoli? Basi mto ukiwa kushoto kwake kipindi cha kwanza, cha pili uko kulia kwake. Kwa hesabu yako mwenyewe alistahili dakika 45.

Kocha wa Kata
Fundi, hilo nililifikiria nikiwa nimeshakata simu.

Nyanda Mstaafu
Nimedaka miaka kumi na mbili, nikwambie kitu. Sababu ya ajabu siyo tatizo, tatizo ni matokeo. Van Gaal, kocha wa Uholanzi, Kombe la Dunia 2014, robo fainali na Costa Rica, mpira unaelekea kuisha dakika 120 anamtoa nyanda wake Cillessen, anamwingiza nyanda wa akiba Krul apangue penalti. Cillessen hakuwa ameambiwa, akapiga chupa teke. Sababu? Krul ni mrefu, mikono inafika mbali. Krul akapangua mbili, Van Gaal akaitwa mwanafalsafa. Siku nne baadaye, nusu fainali na Argentina, nafasi za kubadilisha zimeisha, Cillessen huyohuyo akabaki kwenye penalti na Uholanzi ikatoka. Kilichokufa moyoni mwa yule kijana kati ya mechi hizo mbili ni nyanda tu anaweza kukisikia. Mimi kocha wangu aliniweka benchi akisema glavu zangu zina rangi ya mkosi. Glavu alizinunua yeye.

Mama Nasra
Mwanangu kocha, mbona sababu yenyewe husemi? Uwanja haujainama leo. Hayo magoli 11 kayafunga wapi, angani?

Kocha wa Kata
Mama shikamoo. Machache kayafunga hapohapo. Lakini kuna suala la nidhamu.

Mama Nasra
Marahaba. Nidhamu gani?

Kocha wa Kata
Alinivunjia heshima mbele ya timu.

Mama Nasra
Alisemaje?

Kocha wa Kata
Sawa. Mwezi wa tatu alinikopesha elfu 80, anaendesha bodaboda. Siku ya kugawa jezi, timu nzima imekaa, akasema, "Kocha, na ile yangu vipi?" Wakacheka mpaka mtunza vifaa. Sijakataa kulipa. Ila kocha ukichekwa umekwisha. Na majina nimeshapeleka kwa waandaaji, kwa hiyo ya kumrudisha tuyaache, nisaidieni ya redioni.

Yanga Damu
Kumbe kilichoinama ni mfuko wa kocha!

Mama Nasra
Dawa ya deni ni kulipa. Mtoto wa watu anakesha kijiweni akupe hela, wewe unamnyima mpira? Mume wangu alidaiwa na muuza mkaa, akawa anapita njia ya makaburini mwaka mzima.

Mzee wa Kona
Mimi bado namtetea. Ukweli nao unaumiza. Hodgson, kocha wa England 2014, alisema Sterling kaanza benchi mechi na Estonia kwa sababu dogo mwenyewe kasema amechoka. Aliyesakamwa ni nani? Dogo. Kocha akisema redioni "namdai nidhamu", kijana anaharibiwa jina. Mteremko haumchafui mtu.

Nyanda Mstaafu
Hapo kweli. Hata Sarri, kocha wa Chelsea, nyanda wake Kepa alipogoma kutolewa Wembley 2019 dunia nzima ikiona, alisema walishindwa kuelewana tu. Alimfunika mchezaji. Wewe umejifunika mwenyewe.

Kichwa Kigumu
Samahani wakuu, mimi nanusa chai. Mashindano ya mbuzi yana mechi sita, saba. Magoli 11? Redio inampigia kocha wa kata mara mbili kwa wiki? Na pima maji ya fundi, ukubwa wa rula, inapima vipi uwanja mzima? Mleta mada anatunga.

Fundi Saruji
Pima maji kweli haiwezi. Uwanja unapimwa kwa mpira wa maji, ule mwembamba wa kuona ndani. Kama fundi alikuja na pima maji, alikuja kumcheka.

Mnyama Mkali
Chai, tena ya tangawizi. Weka picha.

Kocha wa Kata
Tuliwafunga walimu 9-0 kwenye makundi, matano yake. Redio ni ya shemeji yangu. Picha ya orodha hiyo hapo, nimeficha majina ya ukoo.

Kichwa Kigumu
Nimeivuta nikaikuza. Namba 9 limekatwa kwa bluu, halafu limeandikwa tena pembeni kwa nyekundu. Si ulisema umeshapeleka?

Kocha wa Kata
Nilipeleka nakala. Hiyo nyekundu ni ya jana usiku.

Mama Nasra
Kwa hiyo anacheza?

Kocha wa Kata
Waandaaji wanapokea mabadiliko mpaka Jumamosi saa kumi. Nina elfu 45.