Hewa ukaa imeongezeka, nipande klova Kisesa?

Wakuu, mwangaluka. Nina ng'ombe wa maziwa watatu hapa Kisesa na matete ya kulishia nusu eka. Juzi kanipitia kijana anayezungusha mbegu. Anasema hewa ukaa imezidi duniani, majani yote yatastawi tu, na klova nyeupe, mkunde wa malisho, ndiyo itafaidi zaidi, Ulaya wameshapima. Bei ya kilo moja nikiitaja mtacheka. Mama watoto kagoma nisitoe hela kabla sijauliza humu. Napigwa?

Ticha_Mstaafu: Nusu kasema kweli, na hapo ndipo wengi wanaponasia. Kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280 kwa milioni, leo imepita 420. Kule Eschikon, Uswisi, kuanzia 1993 walipulizia shamba la wazi hadi 600, miaka kumi. Klova ikanufaika kuliko nyasi iliyokuwa nayo, kwa sababu vinundu vya mizizi yake vinajitengenezea naitrojeni. Nyasi ilishiba hewa lakini mbolea ikawa inapungua.

Sasa matete yako si ukoo wa nyasi ile. Ni ukoo wa mahindi na mtama: jani lenyewe linakusanya hewa ukaa ndani yake, ukiliongezea nje halishtuki. Faida yake ni kwenye maji. Vitundu vya jani vinafunguka kidogo, unyevu hautoki sana, kwa hiyo kiangazi linaweza kuvumilia siku kadhaa zaidi. Si muujiza.

Mfugaji_Misungwi: Klova nyeupe ni mmea wa baridi, mkuu. Kisesa na jua hili? Tena ng'ombe akiishindilia mbichi anafura tumbo, unakimbizana na daktari usiku.

Kisesa (mwanzisha uzi): Kwa hiyo niachane na mikunde kabisa?

Ticha_Mstaafu: Hapana! Kinachofaa ni mikunde ya joto. Fiwi, au desmodiamu, mkunde wa malisho unaotambaa, katikati ya mistari ya matete. Hiyo desmodiamu haifurishi tumbo.

Mama_Mbili: Kaka, udongo wako ni luseni, yaani kichanga, au mbuga, ule mweusi wa mfinyanzi? Kama ni luseni, weka samadi na mbolea yenye fosforasi kwanza. Bila fosforasi vile vinundu havifanyi kazi, hata hewa ikijaa vipi. Mimi nilipanda bure msimu mzima nikidhani mbegu mbovu.

Kisesa (mwanzisha uzi): Luseni tupu, dada. Babu aliacha ngitili pale, malisho ya akiba ya kiangazi, mimi ndiye niliyeilima. Nani ana vipandikizi vya desmodiamu?

Mfugaji_Misungwi: Ninavyo. Njoo mvua zikishika, asubuhi, na gunia ulilolowesha. Wiki jana mmoja kaja na mfuko wa nailoni saa saba mchana, kafika kwake na majani yaliyoiva kama mchicha.